Sentimita 37 za meza: nilivyojifunza kupanga kipanya cha gemu

Kwa miaka mingi nilijua gemu za pedi tu. Nilikulia Soweto, hapa Mbeya, na banda la gemu lililokuwa karibu na nyumbani lilikuwa na televisheni tatu na PlayStation zilizochoka, tukilipia kwa mechi na kusubiri zamu kwenye benchi. Kwa hiyo nilipopata kompyuta yangu ya kwanza ya mezani mwaka 2021, ya mtumba, niliyoinunua Mwanjelwa baada ya kudunduliza kwa miezi minane, niliamini kwamba ujuzi wa vidole gumba ungehamia wenyewe kwenye kipanya. Haukuhamia. Gemu ya kwanza niliyofungua ilikuwa Counter-Strike 1.6, gemu ya kulenga na kupiga risasi, ambayo ni ya mwaka 2003 na hukimbia vizuri hata kwenye mashine dhaifu. Jioni ile ya kwanza nilijikuta natazama dari, kisha sakafu, kisha ukuta wa nyuma, na kila nilipomwona adui na kujaribu kumlenga, alama ya shabaha ilimpita na kwenda kusimama mbali upande wa pili.

Kwa takriban miezi miwili nililaumu umri. Nilikuwa na miaka 31, na nilijiambia kwamba mkono wa mtu mzima haujifunzi tena mambo ya namna hii. Leo najua kwamba nilikosea, na ninaandika haya kwa ajili ya mtu aliye pale nilipokuwa, kwa sababu nimeona wengi wakiiuza kompyuta au wakirudi kwenye pedi wakiamini hawana kipaji, ilhali tatizo lilikuwa nambari mbili na kisanduku kimoja chenye tiki. Mchezaji mgeni hukaa mbele ya kipanya ambacho kasi yake ilipangwa kwa ajili ya mtu wa ofisini, anayetaka kuuvusha mshale kutoka kona hadi kona ya kioo bila kuinua kiwiko, naye anategemea kukitumia kulenga kitu kidogo kuliko ukucha wake.

Vijana wa hapa hukiita kipanya mausi, na kile kipimo cha kasi ya kugeuka ndani ya gemu hukiita sensi, kifupi cha sensitiviti. Nitalitumia neno hilo la sensi, kwa kuwa ndilo utakalolisikia bandani. Kabla ya sensi, hata hivyo, kuna DPI, na wengi huchanganya hivyo viwili. Kipanya hakijui kabisa wewe unacheza nini. Kazi yake ni kuhesabu hatua. Kile cha kwanza kabisa, cha mvumbuzi Douglas Engelbart, aliyekitambulisha kipanya hadharani San Francisco tarehe 9 Desemba 1968, kilihesabu kwa magurudumu mawili chini ya kisanduku cha mbao, moja kwa mwendo wa mbele na nyuma, jingine kwa mwendo wa kushoto na kulia. Cha leo kina taa na kamera ndogo tumboni inayopiga maelfu ya picha za meza kila sekunde, ikilinganisha picha na picha ili kujua umesogea kiasi gani. DPI ni idadi ya hatua ambazo kipanya huripoti kwa kila inchi moja ya mwendo, na inchi moja ni sentimita 2.54. Kipanya cha DPI 800 kikisogea inchi moja huiambia kompyuta kwamba kimepiga hatua 800. Windows inazipokea hatua hizo na inaweza kuziongeza au kuzipunguza, halafu gemu nayo inazizidisha kwa sensi yake. Mkono wako ni mmoja, lakini kati yake na shabaha wamesimama watu watatu, kila mmoja akiwa na kizidisho chake.

Nililielewa jambo hili kwa msaada wa futi ya mama. Mama yangu ni fundi cherehani, na chumba chake cha kushonea kimepakana na changu. Jumapili moja niliazima futi yake, ile ya kitambaa cha njano iliyofutika nambari za mwanzo, nikaitandaza mezani sambamba na ukingo, nikaibana kwa selotepu. Niliingia kwenye gemu nikiwa peke yangu, bila maadui, nikalenga bawaba ya mlango mmoja, nikaanza kusukuma kipanya kulia taratibu kando ya futi mpaka nikazunguka duara zima na bawaba ile ile ikarudi katikati ya kioo. Nilitazama futi. Nilikuwa nimesogea chini kidogo ya sentimita 9. Dunia nzima ya gemu, nyuzi zote 360 za kuizunguka, ilikuwa imebanwa ndani ya upana wa kiganja changu.

Baadaye nilijifunza hesabu yake na ikakaribiana na futi. Katika Counter-Strike, kwa mipangilio yake ya asili, kila hatua inayoripotiwa na kipanya humgeuza mchezaji kwa digrii 0.022 mara sensi. Kipanya kilichokuja na kompyuta yangu kilikuwa kwenye DPI 1600, na sensi ilikuwa 3. Ukizidisha 0.022 kwa 3 kwa 1600 unapata digrii 105.6 kwa kila inchi, hivyo duara zima linakwisha kwa inchi 3.4 hivi. Sasa ligeuze jambo hilo ulitazame kwa upande wa mkono: kila milimita moja niliyosogeza ilinigeuza zaidi ya digrii 4. Kichwa cha mtu aliyesimama mita 20 mbele yako kina upana wa karibu nusu digrii tu. Nilikuwa nadai mkono wangu usimame ndani ya sehemu ya nane ya milimita, katika chumba chenye baridi, kwa haraka, huku moyo ukidunda. Hakuna fundi wa saa anayefanya kazi kwa masharti hayo.

Lakini kasi peke yake haikuwa kosa kubwa zaidi. Kosa kubwa lilikuwa kile kisanduku chenye tiki. Windows, tangu inapowekwa, huwa imewasha kitu kinachoitwa "Enhance pointer precision", jina linaloahidi kuongeza usahihi wa mshale, na kwa mtu anayebofya mafaili huenda kweli kinamsaidia. Kazi yake ni kuongeza mchapuko: ukisogeza kipanya polepole mshale unakwenda kidogo, na ukikisogeza upesi mshale unakwenda mbali zaidi hata kama umbali wa mkono ni ule ule. Nilisoma maelezo hayo mara kadhaa bila kuyahisi, mpaka nilipofanya jaribio ambalo ningependa kila mgeni alifanye angalau mara moja.

Nilibandika vipande viwili vya selotepu mezani, vikiwa vimeachana sentimita 20. Nilikiweka kipanya kikigusa kipande cha kushoto, nikalenga bawaba ile ile. Nikakisukuma kwa haraka mpaka kikagonga kipande cha kulia, kisha nikakirudisha polepole sana, kama mtu aliyebeba kikombe kilichojaa chai, mpaka kikagusa tena kipande cha kushoto. Mkono ulikuwa umerudi mahali pake hasa. Alama ya shabaha haikuwa imerudi. Ilikuwa imekwama kwenye ukuta wa upande mwingine kabisa, mlango wenyewe hata hauonekani kiooni. Nilirudia mara tano, na mara zote tano ilisimama mahali tofauti. Mama alikuwa ameingia kudai futi yake, akasimama nyuma yangu akitazama. Nilimweleza kwamba kipimo cha kipanya kinabadilika kulingana na haraka ya mkono. Akasema, "Mwanangu, ukibadilisha futi katikati ya suti, mkono mmoja wa koti utakuwa mrefu." Katika yote niliyosoma kabla na baada ya siku ile, sijapata maelezo yaliyo bora kuliko hayo. Miezi ile miwili yote mkono wangu ulikuwa unajaribu kujifunza umbali, nao umbali ulikuwa haukai.

Kuondoa tiki hiyo ni kazi ya dakika moja. Unaandika main.cpl kwenye sehemu ya kutafutia ya Windows, dirisha la kipanya linafunguka, unaingia kwenye ukurasa wa mipangilio ya mshale, unaondoa tiki, na kwa kuwa uko hapo hapo, unahakikisha kile kitelezi cha kasi kimesimama katikati, kwenye alama ya 6 kati ya 11, kwa sababu hapo ndipo Windows inapopitisha hatua za kipanya kama zilivyo bila kuzizidisha wala kuzigawa. Gemu nyingi za karibuni huzisoma hatua moja kwa moja kutoka kwenye kipanya, zikiiruka Windows, na toleo la Counter-Strike 1.6 linalopatikana Steam, duka la gemu la mtandaoni, lina kisanduku cha kuwasha usomaji huo kwenye ukurasa wake wa kipanya. Kiwashe. Mimi nilifanya yote mawili, kwa kuwa sikutaka kuacha mlango wowote wazi.

Baada ya hapo ndipo nilipoanza kushughulikia kasi. Nilibonyeza kile kitufe kidogo kilicho nyuma ya gurudumu mpaka nikafika DPI 800. Nilihakikisha kwa futi pia, na hili ni jambo rahisi ambalo wachache hulifanya: kitelezi cha Windows kikiwa katikati na mchapuko umezimwa, hatua moja ya kipanya huusogeza mshale pikseli moja, yaani nukta moja ya kioo, hivyo kwenye kioo changu chenye upana wa pikseli 1366, kipanya cha DPI 800 lazima kitumie sentimita 4.3 kuuvusha mshale kutoka ukingo wa kushoto hadi wa kulia. Changu kilitumia 4.3. Nikashusha sensi ya gemu hadi 2, duara likawa sentimita 26, nikacheza nayo wiki tatu. Bado nilikuwa navuka shabaha mara kwa mara. Nikashusha tena hadi 1.4, duara likawa sentimita 37, na hapo ndipo nilipo hadi leo.

Nataka nieleze kwa nini 37, ili mtu asiichukue nambari hii kama dawa. Nafasi tupu iliyobaki mezani kwangu, kutoka ukingo wa kibodi hadi mwisho wa meza, ni sentimita 40. Kitu ambacho sharti ukiweze katika gemu za kulenga ni kugeuka nyuma kwa msukumo mmoja mtu anapokupiga kutoka mgongoni, yaani nusu duara, kutoka katikati ya nafasi yako hadi ukingoni bila kukinyanyua kipanya. Nusu ya 37 ni 18.5, na kutoka katikati ya nafasi yangu hadi ukingo ni 20. Inaenea, na inabaki kidogo. Ningekuwa na meza pana zaidi huenda ningeshuka zaidi, kwa kuwa wachezaji wengi wa kulipwa wa Counter-Strike hutumia DPI 400 au 800 na sensi zinazowapeleka kwenye duara refu kuliko mgeni anavyodhani, lakini wao wana meza za kazi hiyo. Pima nafasi yako kwanza. Nambari itatoka humo.

Wiki ya kwanza ya sentimita 37 ilikuwa mbaya kuliko zote zilizotangulia, na ni haki msomaji aijue mapema. Kipanya kilionekana kizito kama kimefungwa jiwe. Niliuawa nikiwa bado nageuka. Bega lilichoka kwa sababu mwendo ulikuwa umehama kutoka kiganjani kwenda kwenye mkono mzima, ambao haukuzoea. Kila jioni nilishawishika kuongeza sensi kidogo tu, 1.6, 1.8, na jioni mbili niliongeza kweli, na kila nilipoongeza nilikuwa naanza upya kama mtu anayepanda mahindi na kuyafukua kila asubuhi kutazama kama yameota. Nilijiwekea sharti la siku kumi bila kugusa nambari. Kila usiku, kabla ya mechi, nilitumia dakika 15 kwenye ramani tupu nikihama kutoka bawaba hadi bawaba, kutoka kona ya dirisha hadi kona ya kasha, polepole, bila kupiga risasi hata moja. Siku ya saba au ya nane, sikumbuki sawasawa, adui alitokea kwenye mlango wa kulia, na alama ya shabaha ilikuwa kifuani kwake kabla sijawaza kuipeleka. Niliondoa mkono kwenye kipanya nikautazama. Nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeipata kwenye gemu tangu utotoni.

Mambo ya meza nayo nilipaswa kuyatambua mapema. Meza yangu ya kwanza ilikuwa ya sebuleni, yenye kioo juu na kitambaa cha kufuma chini ya kioo, kama zilivyo meza nyingi za nyumbani kwetu. Kamera ya kipanya cha kawaida haiwezi kusoma kioo kinachopitisha mwanga, kwa kuwa haipati alama za kulinganisha, hivyo mshale ulikuwa ukiganda na kuruka. Niliweka kitambaa cha kufuma juu ya kioo, na hapo matundu ya ufumaji yakawa yanaukokota mguu wa kipanya. Niliweka kalenda ya zamani, upande wa nyuma. Ilifaa, ila pembe zake zilijikunja. Mwishowe mama alinikatia kipande cha kitambaa cha suti, chepesi na kisicho na manyoya, nami nikakigundisha juu ya mpira mwembamba wa kutandika sakafuni. Kilinitosha mwaka mzima. Mausipedi ya dukani niliyonunua baadaye ni nzuri zaidi, siwezi kukana, lakini mtu asisubiri kuipata ndipo aanze.

Halafu kuna baridi, ambayo maelezo ya watu wa kwingine hayaigusi. Mwezi Juni na Julai, usiku wa Mbeya hushuka chini ya nyuzijoto 10, na mtu anacheza amevaa sweta na koti. Ukitumia sensi ya juu, unaosogea ni kiganja tu, hivyo koti halina neno. Ukishuka kwenye sentimita 37, mkono mzima unateleza juu ya meza, na mkono wa koti unakwama ukingoni mwa mausipedi, unauvuta, na shabaha inakwenda nao. Nilipoteza mechi nyingi kabla ya kugundua kwamba mhalifu ni koti. Sasa navaa sweta ya mikono iliyobana, na kabla ya kucheza nashika kikombe cha chai kwa mikono miwili mpaka vidole vilegee. Vidole vilivyokakamaa hubana kipanya kwa nguvu, na mkono unaobana hautelezi, hata ungekuwa na mipangilio sahihi kiasi gani. Nilikipandisha pia kiti kwa mto, ili kiwiko kiwe sawa na meza, maana nilipokaa chini ukingo wa meza ulikuwa unanikata kwenye kifundo na kuniachia maumivu hadi asubuhi kazini.

Mwaka 2023 kipanya kile cha kwanza kilianza kubofya mara mbili ninapobofya mara moja, nikanunua kingine katika duka moja la mjini. Kasha lake lilijivunia DPI 7200 kwa herufi kubwa, na muuzaji alinihakikishia kwamba kadiri nambari inavyopanda ndivyo kipanya kinavyokuwa bora. Nilikipima. Kwenye ngazi ya 800 kilikuwa sahihi. Kwenye ngazi ya 7200, nilipofungua programu ya kuchorea na kukisogeza polepole kadiri mkono ulivyoweza, mshale uliruka pikseli kadhaa kwa mpigo na kuziacha zile za katikati, dalili kwamba hatua nyingine kipanya hakikuziona, kilizizidisha tu kwa hesabu. Sikukirudisha, kwa sababu nilikihitaji kwa 800 na hapo kilifanya kazi, lakini ningependa mtu anayetoka kuchanga pesa yake kidogo kidogo ajue kwamba halipii ubora anapolipia nambari ya kasha. Tazama badala yake kama kinakaa mkononi, kama miguu yake inateleza, na kama waya wake ni laini.

Mipangilio mingine nitaipita haraka, kwa kuwa haina uzito sawa. Kipanya cha kawaida huripoti kwa kompyuta mara 125 kwa sekunde, na vingi vya gemu hufika mara 1000, yaani kila milisekunde moja badala ya kila 8; kama kipanya chako kinaruhusu 500 au 1000, chagua, na kama hakiruhusu, cheza bila wasiwasi. Ulinganishaji wa picha na kioo (V-Sync), ule unaozuia picha isikatike katikati, kwenye mashine yangu ulichelewesha mwendo kiasi cha kuhisi kipanya kinaelea, hivyo nimeuzima. Na kama gemu inashuka chini ya fremu 40, yaani picha 40, kwa sekunde, punguza ubora wa picha na ukubwa wa picha kabla ya kugusa sensi, kwa maana uzito unaouhisi si wa kipanya.

Desemba ya mwaka huo huo mpwa wangu alikuja kutoka Tukuyu baada ya kumaliza mtihani wa kidato cha nne, na nilimkalisha kwenye kiti kile. Nilimwacha kwanza achague mwenyewe, naye, kama wote, akapandisha sensi juu. Baada ya nusu saa akajishika paji la uso. "Mjomba, kichwa kinazunguka, nataka kutapika." Nilimwambia apumzike, anywe maji, atazame mlima Loleza kupitia dirishani. Kioo kinachopepesuka kwa kila mtikisiko wa mkono humfanya mtu ahisi kama yuko kwenye gari lenye kona nyingi, na kijana anayejua barabara ya kupanda kutoka Kyela kwenda Tukuyu alilielewa jambo hilo bila maelezo marefu. Tulipima nafasi, tukapima mkono wake, naye akatulia kwenye sensi 1.7 kwa DPI 800, duara la karibu sentimita 31. Hakutapika tena.

Wiki mbili baadaye alikuja kunieleza kwa huzuni kwamba amesahau kucheza. Jana yake alikuwa analenga vizuri, leo kila kitu kinampita. Nilikuwa karibu kumpa maneno ya kumtia moyo, kisha nikaona taa ya kipanya: ilikuwa ya bluu badala ya kijani. Umeme ulikuwa umekatika usiku, na kipanya hiki, kama nilivyogundua siku hiyo, hakina kumbukumbu. Kila kinapokosa umeme hurudi kwenye ngazi ya 1600. Alikuwa anacheza kwa kasi maradufu bila kujua. Tulibonyeza kitufe, taa ikawa ya kijani, na ujuzi wake wote ulikuwa bado upo. Tangu siku hiyo tumeandika neno "kijani" kwenye kipande cha karatasi na kukibandika chini ya kioo cha kompyuta, na hakuna anayeanza mechi kabla ya kutazama taa. Kitufe hicho hicho hubonyezwa pia kwa bahati mbaya katikati ya mapambano, kwa hiyo ukiona ghafla mkono umekuwa mgeni, usijilaumu kabla ya kuitazama taa.

Alipokuwa anarudi Tukuyu aliniuliza atafanyaje kwenye kompyuta ya rafiki yake, ambako wanacheza Valorant, gemu nyingine ya kulenga, pamoja na Counter-Strike. Kwa Valorant jibu ni la hesabu: kule kila hatua ni digrii 0.07 mara sensi, kwa hiyo unagawa sensi ya Counter-Strike kwa 3.18, na 1.7 yake inakuwa kama 0.53 kwa DPI ile ile. Lakini kipanya cha rafiki yake ni cha kawaida, hakina kitufe wala nambari yoyote, na DPI yake hakuna aijuaye. Nilikwenda kwa mama nikaomba uzi mnene wa kushonea, tukaupima kwa futi, tukafunga mafundo mawili yaliyoachana sentimita 31. Nilimwelekeza autandaze mezani, alenge kitu kimoja, asukume kipanya kutoka fundo hadi fundo, na apandishe au ashushe sensi mpaka duara moja likamilike hapo hasa, bila kujali nambari itakayotoka.

Alinipigia simu jioni ya pili. "Shikamoo mjomba. Huku imetoka 1.35. Kwako ilikuwa 1.7, lakini uzi ni ule ule, na nalenga vilevile." Nilichukua kalamu, nikazidisha 1.7 kwa 800, nikagawa kwa 1.35, nikamwambia kipanya cha rafiki yake ni cha DPI 1000 hivi.